Anza na Kaunti, Jina Litafuata

Wengi wanaoniomba msaada wa kutafuta mababu zao wa Marekani huanza na jina. Wanalitia kwenye intaneti, wanapata maelfu ya watu, wanakata tamaa. Mimi huanza na kaunti, yaani sehemu ya jimbo yenye mahakama yake. Ndoa, mauzo ya ardhi, wosia, kodi na kesi kwa kawaida viliandikwa kwenye mahakama ya kaunti, na mara nyingi vitabu vyenyewe viko hukohuko kwa karani hadi leo. (Louisiana wao kaunti huziita parokia, kazi ni ileile.) Cheti cha kuzaliwa usikitegemee sana: majimbo mengi yalianza kusajili vizazi kwa utaratibu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kabla ya kufungua rejista yoyote, jua kaunti iliundwa lini na ilimegwa kutoka wapi. Chukua Kentucky. Mwaka 1776 ilikuwa kaunti moja tu ya Virginia. 1780 ikagawanywa tatu. Leo ni jimbo lenye kaunti 120. Kwa kawaida kaunti mpya ilipomegwa, vitabu vya zamani vilibaki kwenye kaunti mama. Basi familia ambayo haikuwahi kuhama inaweza kuwa na ndoa ya babu kaunti moja, na wosia wake kaunti nyingine.

Hapo ndipo watu wa kujitolea wanapookoa muda. Mradi wa mtandaoni wa USGenWeb, ulioanzia Kentucky mwaka 1996, umepangwa kwa majimbo na kaunti, na kurasa zake ni za bure. Utakuta orodha za ndoa, faharasa za wosia, maandishi ya makaburi. Ubora hutegemea nani anasimamia ukurasa, na kuna kurasa zilizosahaulika kabisa. Orodha za makaburi nazithamini kuliko zote, maana mawe mengine yameshafutika tangu yanakiliwe. Ila nakala ni nakala: katika mwandiko wa zamani, L na S kubwa hufanana mno. Chukua namba ya kitabu na ukurasa, kisha mwombe karani nakala ya ukurasa wenyewe. Na ukimwandikia wa kujitolea, uliza swali moja lenye jina, mahali na miaka. Anayeandika "nitumie yote uliyo nayo kuhusu akina Smith" hajibiwi, na sioni kwa nini ajibiwe.

Kitabu ninachokipenda ni cha mirathi. Mtu alipokufa, mahakama iliteua wathamini wapite nyumbani kwake na kuandika kila kitu: jembe, ng'ombe, kitanda cha manyoya, birika. Mara nyingi hufuata orodha ya mnada, yenye jina la kila mnunuzi. Isome polepole. Wanunuzi wengi ni majirani na wakwe, na si ajabu kumkuta mjane akinunua sufuria za jikoni mwake mwenyewe.

Katika majimbo ya Kusini, kabla ya utumwa kukomeshwa 1865, orodha hizohizo zina watu. Kati ya farasi na mahindi utasoma jina la kwanza la mtu, pengine umri, halafu bei yake. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Karibu wote hawakutajwa majina hadi sensa ya 1870. Kwa hiyo, ukiipata familia mwaka 1870, tazama kurasa za jirani, andika majina ya wenye mashamba makubwa, kisha fungua mirathi yao ya miaka ya nyuma. Usijifunge kwenye jina la ukoo linalofanana, kwa sababu si kila aliyeachwa huru alichukua jina la mmiliki wake wa mwisho. Linganisha majina ya kwanza na umri: mama na watoto wake wakitajwa pamoja kwa mpangilio uleule wa sensa, hapo una kitu cha kufuatilia.