Kwa nini nyekundu ya Sydenham imetoka nyeusi

Juzi mtu kanitumia picha ya zamani ananiuliza, "hivi Wamisri wa kale walipenda nyeusi kiasi hiki?" Kwanza hapo sio Misri ndugu yangu, hapo ni London.

Ile Crystal Palace, jumba la vioo la maonyesho makubwa ya 1851, ilibomolewa bustani ya Hyde Park ikajengwa upya, kubwa zaidi, huko Sydenham, London hiyohiyo, ikafunguliwa Juni 1854. Ndani yake msanifu majengo Owen Jones na mtaalamu wa Misri Joseph Bonomi wakajenga Misri ya plasta, Jones akaongeza na Alhambra, nakala ya kasri la Wamori la Hispania, mtu anatoka Misri anaingia Hispania hata chai haijapoa. Mpiga picha Philip Henry Delamotte ndo alipewa kazi ya kupiga picha ujenzi hatua kwa hatua.

Sasa ishu ni dawa. Alitumia kolodioni, dawa ya majimaji inayonata, mbinu ya Frederick Scott Archer ya 1851: unaimwaga kwenye kioo, unakizamisha kwenye nitreti ya fedha, unapiga kikiwa bado kimelowa na kusafisha unasafisha hapohapo, kikikauka imekula kwako. Na dawa hiyo inaona bluu na urujuani basi, nyekundu kwake ni giza tupu. Kwa hiyo palipopakwa nyekundu kioo kinabaki kitupu, ukichapa kwenye karatasi mwanga unapita hapo na panatoka peusi tii, njano nayo inazama humohumo, halafu bluu inapauka mpaka unadhani ni plasta haijaguswa. Na Jones hizo rangi tatu ndo zilikuwa ugonjwa wake! Wanaotia rangi picha hizi kwa kompyuta huwa wanachemka hapa, wanaona peusi wanapaka kahawia.

Mimi nazipenda zaidi zile ambazo kazi haijaisha, jukwaa za mafundi bado zimesimama, maana hapo plasta haijifichi. Angalia mafundi chini ya majitu ya plasta, nakala za sanamu za hekalu la Abu Simbel kule Misri, wametulia kama nao ni sanamu, ilibidi, ukijitikisa unatoka ukungu.

Majitu yenyewe yaliungua 1866, jumba lililobaki likateketea 1936, kwa hiyo picha ndo tunazo. Ila habari za rangi usiziulize. Humo jumbani kulikuwa na sehemu ya Ugiriki pia, Jones aliipaka rangi watu wakamjia juu mpaka akaandika kijitabu kizima cha kujitetea, 1854 hiyohiyo, lakini ukiitazama kwa Delamotte hakuna hata cha kugombania.