Seva Mpya au Iliyokarabatiwa: Nyaraka za Kudai Kabla ya Kulipa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kuhusu seva za raki (kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine, zinazofungwa kwenye fremu ya chuma) yamekuwa yakiongezeka, na karibu yote yana sura moja. Mnunuzi alilipia mashine iliyokarabatiwa, ikasumbua ndani ya miezi michache, na anapoombwa nyaraka anatoa risiti iliyoandikwa "seva moja" na kiasi cha fedha. Kwa risiti ya namna hiyo hatuwezi kujua alichouziwa, sembuse alichoahidiwa. Wengi wa wauzaji wa vifaa hivi ni waaminifu, na seva iliyokarabatiwa vizuri ni ununuzi halali wenye busara. Makala haya yanakusudiwa kumsaidia mnunuzi aamue kwa hesabu kabla fedha haijatoka, wala hayakusudiwi kumtisha.

Tuanze na majina, kwa kuwa yanachanganywa mno. Seva iliyotumika ni ile iliyong'olewa kwenye raki ya mmiliki wa kwanza na kuuzwa kama ilivyo. Iliyokarabatiwa ni ile iliyofunguliwa, ikasafishwa, ikapimwa, ikabadilishiwa sehemu zilizochoka, ikafutwa diski na kuhuishwa programu dhibiti (ile inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiendesha), na aliyefanya kazi hiyo akakubali kuandika kwamba ndiye aliyeifanya. Kupanguswa vumbi si ukarabati, hata tangazo la muuzaji liseme nini. Ipo pia aina ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni seva mpya iliyokaa stoo: boksi halijafunguliwa, plastiki bado inang'aa, lakini kizazi chake kilikwisha kuondolewa sokoni, na muda wa mtengenezaji kukihudumia unaendelea kwisha ukiwa bado unafungua boksi.

Hapo ndipo ulipo uamuzi wenyewe. Swali la "mpya au mtumba" huwapotosha watu, kwa sababu mnunuzi wa seva hununua miaka iliyobaki ya huduma: miaka ambayo programu dhibiti itaendelea kurekebishwa, mfumo endeshi utaendelea kuikubali prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu), na vipuri vitaendelea kupatikana. Mfumo wa Red Hat Enterprise Linux 10, uliotoka 2025, hauendeshwi kwenye prosesa isiyo na amri za AVX2 (kundi la amri za hesabu ambalo prosesa za zamani hazina), kwa hiyo seva yenye prosesa za Intel Xeon E5 v2 za 2013 imeachwa nje hata kama haijapata mkwaruzo. Windows Server 2016, ambayo bado inakutwa kwenye seva nyingi zinazouzwa "zikiwa tayari kwa kazi", inafikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 12 Januari 2027. Anayenunua seva kwa ajili ya mfumo huo, akitarajia kuitumia miaka mitano, amejinunulia kazi ya kuhama.

Programu dhibiti inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE, mtengenezaji wa seva, ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD (zisizo na sehemu inayozunguka) za aina ya SAS, kiunganishi cha diski za seva, zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na kwamba data iliyomo isingeweza kurejeshwa. Chanzo kilikuwa kosa katika programu dhibiti, na tiba ilikuwa sasisho. Mmiliki wa kwanza aliyekuwa na mkataba wa huduma aliweza kuarifiwa na kusasisha. Fikiria sasa diski ya namna hiyo ikiuzwa mkono wa pili ikiwa na saa 31,000, bila sasisho, kwa mnunuzi asiyejulikana na mtengenezaji. Baadhi ya watengenezaji hutoa masasisho ya programu dhibiti kwa mwenye dhamana au mkataba hai peke yake, na dhamana ya kiwandani mara nyingi huanza kuhesabiwa tangu mauzo ya kwanza, wala si lazima imfuate mmiliki wa pili. Kwa hiyo muulize muuzaji, kwa maandishi, toleo la programu dhibiti lililomo na njia utakayotumia kupata linalofuata. Jibu la "ipo mtandaoni" si jibu.

Kuhusu gharama, bei ya kununua ndiyo namba inayotazamwa sana, ingawa si nzito kuliko nyingine. Wati 1 inayotumika mfululizo mwaka mzima ni uniti 8.76 za umeme. Seva ya zamani inayokula wati 180 zaidi ya mpya kwa kazi ileile inaongeza takriban uniti 1,577 kwa mwaka, kabla hujahesabu umeme wa kupoza chumba, kwa maana kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Zidisha kwa bei ya umeme unayolipa, kisha kwa miaka unayokusudia, na mara nyingine punguzo lote la bei linakwisha hapo. Leseni nazo zina hesabu yake. Kwa utaratibu wa leseni unaofuata kori (viini vya kazi ndani ya prosesa), Windows Server huhesabiwa kori zote za prosesa zilizomo, zisipungue 16 kwa seva moja. Seva kuukuu yenye prosesa mbili za kori 12 italipiwa kori 24. Mpya yenye prosesa moja ya kori 16 italipiwa 16, na inaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Anayetumia mifumo isiyolipiwa kwa kori anaweza kuiacha hesabu hii ya leseni.

Baada ya hesabu hizo, kwa maoni yetu seva iliyokarabatiwa inafaa zaidi kwa mazingira ya majaribio, kwa kuhifadhi nakala rudufu, kwa mashine ya akiba, na kwa kuongeza seva inayofanana na zile zilizopo tayari, ambapo vipuri vitabadilishana. Hifadhidata inayobeba mauzo ya kila siku, katika biashara isiyo na seva ya pili wala fundi wa kudumu, iwekwe kwenye mpya yenye mkataba wa huduma. Tunaulizwa mara kwa mara kama kuna umri maalumu unaokataza kununua. Hakuna. Kilichopo ni kizazi, huduma iliyobaki, na mzigo wa kazi, na hayo hayajumlishwi kuwa namba moja ya kukariri.

Mashine yenyewe ikaguliwe ikiwa imefunguliwa na ikiwa inawaka. Vuta kibao kidogo cha plastiki chenye kibandiko kilicho mbele, soma namba ya utambulisho, kisha washa seva na uilinganishe na inayoonekana kwenye ukurasa wa mipangilio. Zikitofautiana, huenda bodi mama (bodi kuu inayobeba prosesa) imebadilishwa, na maelezo yatolewe kwa maandishi. Fungua daftari la matukio kwenye kidhibiti cha mbali, yaani chipu inayomwezesha fundi kuisimamia seva kupitia mtandao. Seva ya miaka mitano ambayo daftari lake linaanza juzi imefutwa kumbukumbu. Huenda ni sehemu ya usafi wa kawaida, huenda sivyo, na kwa sababu hiyo iachwe ikifanya kazi nzito kwa saa 24 mbele ya shahidi wako, kisha daftari lisomwe upya kuona makosa ya RAM (kumbukumbu ya kazi) yaliyosahihishwa kimyakimya. Betri ya kidhibiti cha RAID (kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ikiwa imevimba, isikubaliwe. Kwenye diski soma saa za kuwaka, sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu ambazo diski imezibadilisha na za akiba), na kwa SSD asilimia ya uhai iliyokwisha tumika. Hata namba hizo zisiaminiwe peke yake: mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ujerumani kwamba diski zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya kaunta ya SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) kurudishwa sifuri, na ni rekodi nyingine ya mtengenezaji, iitwayo FARM, iliyowaumbua wauzaji. Ushauri wetu ni mwepesi: seva inaweza kuwa ya mkono wa pili, diski ziwe mpya.

Ambaye hununua sehemu mojamoja ajue kwamba prosesa za AMD EPYC zina kinga ambayo mtengenezaji wa seva akiiwasha huifunga prosesa kwa bodi za chapa yake, na kufuli hiyo haifunguliki tena. Prosesa ni nzima, bodi ni nzima, na haziwaki pamoja. Malalamiko ya aina hii hupokelewa, lakini mara nyingi muuzaji hana kosa.

Kwa wanaoagiza kutoka nchi nyingine, utaratibu umebadilika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka kuvuka mipaka, yanataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila taarifa na ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea. Seva inayofanya kazi si taka, lakini wajibu wa kulionyesha hilo ni wa mwenye mzigo. Miongozo ya mkataba inataka kuwapo ankara na mkataba unaosema kifaa kinakwenda kutumika moja kwa moja na kinafanya kazi kikamilifu, ushahidi wa kupimwa kwa kila kifaa, tamko la mwenye mzigo kwamba hakuna taka ndani yake, na ufungaji unaokilinda safarini. Seva zilizorundikwa kontena bila ufungaji zinaweza kuhesabiwa taka hata kama nusu yake zinawaka. Mzigo ukionekana ni usafirishaji haramu kwa kosa la msafirishaji, nchi ulikotoka inapaswa kuhakikisha unarudishwa ndani ya siku 30 tangu ilipoarifiwa. Kosa likiwa la mwagizaji, nchi ya mwagizaji inapaswa kuhakikisha anaushughulikia kama taka kwa njia salama kwa mazingira ndani ya siku 30. Mkataba wenyewe unalitaja tendo hilo kuwa jinai, na kiwango cha adhabu kimeachiwa sheria ya kila nchi. Kusema "wakala ndiye aliyeandika karatasi" hakumwondolei mwagizaji wajibu.

Anayekusudia kuleta lalamiko aje na ankara yenye modeli na namba ya utambulisho, ripoti ya upimaji yenye tarehe, cheti cha kufutwa kwa diski, masharti ya dhamana yanayotaja nani hulipa usafirishaji wa kurudisha, na picha za kibandiko na za daftari la matukio zilizopigwa siku ya kupokea. Ukikuta data za mmiliki wa kwanza ndani ya diski, usizifungue wala kuzinakili kwa ajili ya ushahidi. Zima mashine, mwarifu muuzaji kwa maandishi, na andika saa uliyoizima.