Kupuuzwa kwa sauti ya mwanamke katika hadithi: maana yake

Mhusika wa kike hupuuzwa pale anaposema jambo kuhusu maisha au mwili wake, na kauli yake isibadilishe chochote. Wahusika wenzake hawamsadiki, au mwandishi mwenyewe anaendelea kana kwamba halikusemwa. Mara nyingi hapohapo hunyimwa pia mamlaka juu ya mwili: wengine ndio huamua aolewe na nani, azae au asizae, atibiwe vipi.

Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Katika visasili vya Wagiriki, mungu Apollo alimpa Cassandra, binti wa mfalme wa Troya, kipawa cha utabiri. Cassandra alipomkataa, akalaaniwa asisadikiwe na mtu. Hakufanywa bubu, na huo ndio ukatili wenyewe. Alimkatalia Apollo mwili wake, akanyang'anywa uzito wa maneno yake.

Wasomaji wengi hukosea hapa: kuonyesha mwanamke akipuuzwa si sawa na kumpuuza. Katika hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman, The Yellow Wallpaper (1892), mume ambaye ni daktari anamwamuru mkewe apumzike na asiandike, na hofu zake anazichukulia kama utoto. Lakini tunachosoma ni maandishi ambayo mke anayaandika kwa siri. Mume hasikii, msomaji anasikia kila neno.

Ili kutofautisha, chukua tukio moja ambamo mwanamke anasema "sitaki", kisha soma kurasa zinazofuata. Je, kukataa kwake kunamzuia yeyote, au kunageuzwa kuwa maringo ya mapenzi? Akiumizwa, tunabaki naye, au masimulizi yanahamia kwenye hasira ya mume au kaka anayekwenda kulipiza kisasi? Yakihamia, maumivu yake yamefanywa kuni za safari ya mtu mwingine, na hilo ni kosa la mwandishi, wala si la wahusika. Hutokea hata katika kazi zenye nia njema.

Kuhesabu mistari anayozungumza hakutoshi. Yupo mhusika anayesema sana na hasikilizwi, na yupo asiyeweza kutamka neno lakini anaeleweka. Katika shairi la Ovid, mshairi wa Roma ya kale, mfalme Tereus anambaka shemeji yake Philomela na kumkata ulimi asiseme. Philomela anafuma yaliyompata kwenye kitambaa, anakituma kwa dada yake Procne, na Procne anakikunjua, anakisoma, anaelewa yote.