Mtoto wa shoto na hofu ya skizofrenia

Swali hili naletewa sana na akina mama wa Rungwe na Mufindi: "Dokta, huyu tangu mdogo alikuwa shoto, bibi yake akamkataza. Ndiyo yamemletea haya?" Haya ni sauti anazozisikia peke yake, majirani anaodhani wanamvizia, maneno yasiyoshikana.

Hapana, mama. Shoto haileti skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye dalili hizo, wala kukatazwa shoto hakuileti. Ila swali lenyewe si la kipuuzi.

Duniani takriban mtu 1 kati ya 10 ni mashoto. Miongoni mwa wenye skizofrenia idadi huwa kubwa zaidi. Mwaka 2014 Marco Hirnstein na Kenneth Hugdahl, watafiti wa Bergen nchini Norwe, walikusanya tafiti nyingi waone kama tofauti hiyo inatokana tu na wingi wa wanaume waliopimwa, maana wanaume huwa mashoto zaidi, au na namna ya kuuliza. Tofauti ikabaki palepale. Tena wengi wao si mashoto kamili: huchanganya mikono, na wapo ambao kazi ileile leo huifanya kwa kulia, kesho kwa kushoto.

Kwa watu wengi lugha huendeshwa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo, nusu hiyohiyo inayoongoza mkono wa kulia. Kwa wenye skizofrenia mgawanyo huo wa kazi huonekana kulegea. Timothy Crow, daktari wa Uingereza, alifika mbali: alidai ugonjwa huu ndio gharama binadamu aliyolipa kwa kupata lugha. Hapo simfuati. Lakini mtoto huanza kupendelea mkono mmoja akiwa bado tumboni, na ubongo nao huanza kujipanga humohumo. Basi mkono ni dalili ndogo ya mpangilio huo, haujausababisha.

Tabu iko kwenye kupima mkono anaoupendelea mtu. Dodoso maarufu la mwanasaikolojia Oldfield la mwaka 1971 lina kazi 10: kuandika, kuchora, kurusha, mkasi, mswaki, kisu, kijiko, ufagio, kiberiti, kufungua kifuniko. Kwetu kalamu na kijiko vilishaamuliwa na mwalimu na bibi, kwa fimbo ikibidi. Kwenye ufagio unaulizwa mkono upi unakaa juu ya mpini. Ufagio wetu wa chelewa tunaufagilia tumeinama, kwa mkono mmoja! Mchuma chai wa Mufindi naye hutumia mikono yote miwili siku nzima. Kwa hiyo siulizi anaandikia mkono gani. Nampa kiberiti awashe, namwambia arushe jiwe, anionyeshe anavyokata majani kwa panga. Kisha namuuliza mama: kabla hajaanza shule, alikuwa anaokota vitu kwa mkono upi?

Mwenye mtoto mashoto afanye hesabu. Skizofrenia humpata kama mtu 1 kati ya 100 maishani. Hata tukiizidisha hatari hiyo mara 2, mashoto 98 kati ya 100 hawataugua. Kwa hiyo mwache ashike kalamu anavyotaka.

Majibu ya mkono nayaandika kwenye faili, lakini hayabadilishi dozi. Badiliko la mkono ninalotaka kuambiwa haraka ni jingine: akianza haloperidol, dawa ya ugonjwa huu, kisha mkono ukatetemeka au ukakakamaa, wowote ule, mrudisheni kliniki tupange dawa upya. Msimwachishe dawa wenyewe nyumbani.