Seli zenye seti moja ya kromosomu na kazi ya jeni

Hapa Unguja na Pemba, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huonekana zaidi kwa watoto wa kiume. Jeni yake imo katika kromosomu X, na mtoto wa kiume anayo X moja tu: nakala hiyo ikiharibika, hakuna ya kumsitiri. Dada yake anazo mbili, na mara nyingi ile nzima humtosha. Karibu jeni zetu zote nyingine zina nakala mbili, na hapo ndipo utafiti hukwama. Unavunja nakala moja, ya pili inaendelea na kazi, nawe huoni kitu.

Seli shina za kiinitete zilizo haploidi, yaani zenye seti moja tu ya kromosomu, huondoa kikwazo hicho kwa jenomu nzima. Seli ya kawaida ya panya ina kromosomu 40. Hizi zina 20. Zilipatikana mwaka 2011 katika maabara mbili, ya Anton Wutz kule Uingereza na ya Josef Penninger kule Austria. Za binadamu, zenye kromosomu 23, zilitangazwa 2016.

Kuzipata huanzia kwenye yai la panya lisilorutubishwa. Huamshwa kwa stronti kloridi, milimola 5, katika maji ya kukuzia yasiyo na kalisi. Yai likishaamka hutoa nje nusu ya kromosomu zake, na nusu hiyo lazima itoke. Wenye kutaka seli diploidi, zenye seti mbili, huongeza saitokalasini, dawa ya kuzuia utokaji huo. Wewe usiiweke kabisa. Kiinitete kikifika hatua ya blastosisti, yaani kifuko cha seli cha siku chache, ondoa ganda lake, ukipandikize juu ya seli lishi, zile zinazosaidia nyingine kukua, kwa nyuzi 37 na CO2 asilimia 5. Maji ya kukuzia yawe na vitu vitatu vya kuzizuia seli zisibadilike aina: protini ya LIF yuniti 1,000 kwa mililita, na dawa PD0325901 maikromola 1 na CHIR99021 maikromola 3.

Sasa tabu yenyewe. Dume la nyuki huishi na seti moja maisha yake yote, lakini seli za mamalia hazitulii hivyo. Kila zikigawanyika, baadhi hurudufisha kromosomu bila kutengana, zikawa diploidi moja kwa moja, na hazirudi nyuma. Ukiziacha, baada ya wiki kadhaa sahani nzima inaweza kuwa diploidi. Dawa yake ni kuzichuja. Zitie rangi ya Hoechst 33342, inayoshika DNA, maikrogramu 15 kwa mililita, dakika 15 kwa nyuzi 37, kisha zipitishe kwenye mashine ya kuchambua seli kwa mwanga. Mchoro wa mashine huonyesha vilima kwa kiasi cha DNA; chukua kilima cha kwanza tu, chenye DNA kidogo kabisa. Cha pili kina mchanganyiko: diploidi zilizotulia pamoja na haploidi zilizokwisha kunakili DNA zikisubiri kugawanyika, na kwa rangi hazitofautishiki. Kabla ya yote pitisha seli diploidi unazozijua, ujue kilima chao kinasimama wapi.

Wengi huchuja kwa bidii wakati usiofaa. Kinachohitajika ni seli ziwe haploidi siku ya kuvunja jeni. Seli ikijirudufisha baada ya hapo, nakala zote mbili zitakuwa mbovu, na jaribio halijaharibika. Ikijirudufisha kabla, umepoteza kila kitu. Basi chuja, zikuze upesi, gandisha akiba kubwa. (Na akiba ikae katika naitrojeni ya maji. Unguja iliwahi kukaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009. Friza haivumilii hayo.)

Kuvunja jeni hufanywa kwa transposoni ya piggyBac, kipande cha DNA kinachohamahama, inayojipachika penye herufi TTAA ikiwa na mtego wa kukatiza ujumbe wa jeni. Kimeng'enya chake cha kuipachika kitiwe kidogo, ili kila seli ipate pachiko moja. Zikiwa tano hutajua ipi ndiyo iliyoleta matokeo. Halafu usikimbilie dawa ya mchujo, ile inayoua seli zisizoihimili. Jeni imevunjika, lakini protini iliyokwisha kutengenezwa bado imo ndani. Zipe siku tano hadi saba.

Jaribio la kujipima ni dawa ya 6-thiogwanini: seli iliyopoteza Hprt, jeni inayoifanya dawa hiyo kuwa sumu, hunusurika. Ila Hprt imo kwenye X, kwa hiyo hata seli diploidi za kiume huipoteza kwa pigo moja, na ukizitumia kulinganishia utadanganyika. Tazama pia Msh2 na Mlh1, jeni za kurekebisha makosa ya DNA, ambazo haziko kwenye X nazo kuvunjika kwake huokoa seli. Zikitokea hizo, haploidi zako ni za kweli.

Seli zilizonusurika, toa DNA yake, ikate kwa kimeng'enya cha kukata DNA, iunge iwe duara, nakili ubavu wa pachiko kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kisha soma herufi zake na uzilinganishe na kundi ambalo halikupewa dawa. Pachiko moja halithibitishi chochote. Mapachiko kadhaa tofauti ndani ya jeni moja yana uzito, na uzito zaidi ni kuing'oa transposoni kwa kimeng'enya kilekile kilichoipachika. piggyBac hutoka bila kuacha kovu. Jeni ikipona na seli ikaanza tena kufa kwa dawa, umeipata. Jeni ambayo seli haiwezi kuishi bila yake haitaonekana hapa kamwe, kwani seli zilizobeba mtego wake zilikufa kabla hujatia dawa.