Je, wajua kazi ya bamba la katikati kwenye boriti ya chuma?

Boriti ya chuma yenye umbo la herufi I ina bamba nene juu, lingine chini, na jembamba lililosimama kati yake. Wengi huamini hilo jembamba lipo kutenganisha mawili yale tu, hivyo fundi bomba akihitaji tundu, atoboe popote. Imani hii ina chembe ya ukweli. Boriti ikilemewa, juu hubanwa na chini huvutwa, na kadiri unavyokaribia nusu ya kimo, mbano na mvuto hupungua hadi sifuri. Kwa hesabu hiyo pekee, chuma cha katikati kinakaa bure.

Hakikai bure hata kidogo. Laza mbao mbili zinazolingana, moja juu ya nyingine, ncha zake zikae juu ya matofali, kisha mtu asimame katikati. Zitabonyea, na ukichungulia ncha utaona zimepishana: wa juu umeteleza juu ya mwenzake. Sasa zigundishe barabara zisiteleze. Ugumu wake unakuwa mara 4 ya zile zilizolazwa tu, wala hujaongeza ubao. Kuteleza huko ndiko bamba la katikati linakozuia. Nguvu inayosukuma tabaka ziteleze hivyo wahandisi huiita nguvu ya mkato, na ajabu yake ni kwamba hufikia kilele palepale kwenye nusu ya kimo, ambapo mbano na mvuto vimekwisha.

Mzigo ukisambaa sawasawa, nguvu hiyo huwa kubwa zaidi karibu na nguzo. Kwa hiyo tundu linaloweza kustahimilika katikati ya urefu wa boriti huweza kuwa hatari kandokando ya nguzo. Mzigo mzito ukikaa sehemu moja, picha hubadilika, ndiyo maana hesabu hufanywa kabla ya kutoboa.

Mhandisi Mrusi Dmitrii Zhuravsky aliichambua nguvu hii katika karne ya 19 akishughulikia madaraja ya mbao ya reli ya Saint Petersburg hadi Moscow, maana mbao hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake. Kisha akalichunguza Daraja la Britannia la Wales, lililofunguliwa 1850, ambalo treni zilipita ndani ya bomba kubwa la mabamba ya chuma. Kuta za bomba hilo ndizo zilizofanya kazi ya bamba la katikati, na zilikuwa zimeimarishwa kwa vyuma vya kusimama wima. Zhuravsky alisema vingepaswa kulazwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45, kwa kuwa bamba jembamba lililoelemewa na mkato hubanwa na kukunjamana kwa mshazari. Alionyesha hoja yake kwa vielelezo vya karatasi.

Hata hivyo, vyuma vya wima ndivyo vinavyotumika zaidi hadi leo: ni rahisi kuvichomelea, na bamba likishakunjamana huendelea kubeba kwa kuvutwa kwenye mshazari wa pili, huku vyuma hivyo vikisimama kama nguzo.