Kwa nini tunakataa usimbaji hafifu

Mjadala wa usimbaji, yaani kufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, ukizuka, hoja huwa ileile: polisi wanashindwa kusoma ujumbe wa wahalifu, basi usimbaji wa raia ulegezwe kidogo. Hoja ina uzito, maana upelelezi kweli hukwama. Shida iko kwenye hilo neno "kidogo".

Usimbaji huvuruga ujumbe usisomeke bila ufunguo. Urefu wa ufunguo hupimwa kwa biti, yaani tarakimu za 0 au 1, na kila biti inayoongezwa huzidisha mara mbili idadi ya funguo ambazo mdukuzi atalazimika kujaribu. Biti 40 ni funguo trilioni 1.1 hivi. Unaweza kudhani zinatosha. Januari 1997 Ian Goldberg, wakati huo mwanafunzi huko Berkeley, Marekani, aliunganisha kompyuta zipatazo 250 akaupata ufunguo sahihi kwa saa tatu na nusu. Na biti 40 ndicho kiwango ambacho Marekani ilikuwa ikiruhusu kiuzwe nje, ule usimbaji imara ukibaki kwao.

Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000, lakini uchafu wake ulibaki. Mwaka 2015 watafiti waligundua kwamba seva nyingi (kompyuta zinazohudumia tovuti) bado zilikubali funguo dhaifu za biti 512 za RSA, aina nyingine ya usimbaji, zilizotengenezwa kwa ajili ya masharti yaleyale. (RSA ina kipimo chake: humo biti 512 ni chache, isikuhadae.) Aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano aliweza kuzihadaa pande zote mbili zishukie kwenye ufunguo huo, kisha akauvunja. Shimo hilo waliliita FREAK, na hata tovuti ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikutwa nalo.

Wengine husema: basi usimbaji ubaki imara, ila polisi wawekewe mlango wao wa nyuma, yaani njia ya pembeni ya kuingia. Ugiriki walikuwa na mlango wa aina hiyo kwenye mitambo ya simu, uliotengenezwa kwa ajili ya usikilizaji wa kisheria. Mwaka 2004 na 2005 watu wasio na idhini waliuwasha kimyakimya wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwamo ya waziri mkuu. Mtambo haukuuliza kitambulisho.

Mpelelezi naye haachwi mikono mitupu. Simu ya mshukiwa yaweza kuchukuliwa kwa amri ya mahakama, na kumbukumbu za nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa kawaida hubaki kwa kampuni ya simu bila kusimbwa kwa ufunguo wa mteja.